Mataa yanakula dakika zetu ngapi? Uzi wa kukadiria ucheleweshaji wa magari kwenye makutano

Mpima Mataa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za foleni za Dar humu haziishi, na zote zinaishia palepale: mmoja anasema mataa ni mabovu, mwingine anasema trafiki ndiye anayeharibu, wa tatu anataka flyover. Hakuna anayeweka namba mezani. Leo naweka namba, na naomba kila anayepinga naye aje na zake.

Hoja yangu ni hii: muda ambao gari linapoteza kwenye mataa unakadirika kwa kalamu na karatasi, na ukishaukadiria utaona kwamba ile tabia ya trafiki ya kuachia upande mmoja dakika tano ndiyo upande wa pili uruhusiwe inatugharimu sana, hasa saa ambazo foleni si kubwa.

Kwanza tukubaliane ucheleweshaji ni nini. Ni tofauti kati ya muda uliotumia kuvuka makutano na muda ambao ungetumia kama taa isingekuwepo na njia ingekuwa nyeupe. Kwa hiyo ndani yake kuna muda wa kupunguza mwendo, kusimama, kusogea kidogo kidogo na kuchukua mwendo tena. Ukihesabu sekunde za kusimama tu, umepunja.

Fomula ambayo bado inafundishwa vyuoni ilitolewa mwaka 1958 na F. V. Webster wa Road Research Laboratory ya Uingereza. Ina vipande vitatu.

Kipande cha kwanza kinachukulia magari yanafika kwa nafasi sawasawa, kama yamepangwa:

d1 = C × (1 − λ)² ÷ [2 × (1 − λx)]

C ni mzunguko mzima wa taa kwa sekunde, yaani tangu kijani yako iwake mpaka iwake tena. λ ni sehemu ya mzunguko ambayo upande wako una kijani halisi. x ni kiwango cha kujaa: magari yanayokuja kugawanya kwa magari ambayo upande huo unaweza kupitisha.

Kipande cha pili kinaingiza ukweli kwamba magari hayaji yamepangwa. Mzunguko mmoja yanakuja kumi, unaofuata ishirini na tano:

d2 = x² ÷ [2q × (1 − x)]

q ni magari yanayofika kwa sekunde moja. Kipande cha tatu ni masahihisho ambayo Webster aliyapata kwa kuigiza foleni kwenye kompyuta. Mara nyingi kinapunguza jumla kwa asilimia 5 hadi 15, kwa hiyo watu wengi wanajumlisha viwili vya kwanza na kuzidisha kwa 0.9.

Sasa mfano. Tuseme makutano yana pande mbili zinazopokezana, mzunguko sekunde 120, na kila kubadilishana kunapoteza sekunde 6 (njano, kusafisha makutano, dereva wa mbele kushtuka na kuondoka). Zinabaki 108, kila upande 54. λ ni 0.45. Leni moja ikiwa na foleni isiyoisha na kijani isiyozimika inapitisha magari 1,800 kwa saa, yaani gari moja kila sekunde mbili. Zidisha kwa 0.45, uwezo wa leni ni magari 810 kwa saa.

Yakija magari 729 kwa saa, x ni 0.90. Kipande cha kwanza kinatoa sekunde 30.5, cha pili 20. Jumla 50.5, mara 0.9, unapata kama sekunde 45 kwa kila gari. Wamarekani kwenye Highway Capacity Manual yao wanagawa viwango kwa herufi: A ni mpaka sekunde 10, B mpaka 20, C mpaka 35, D mpaka 55, E mpaka 80, na kuzidi hapo ni F. Hapa tupo D. Mjini saa za kazi hiyo si aibu.

Tazama kinachotokea tukiongeza magari kidogo tu. Kwa 0.95 fomula inatoa kama sekunde 66. Kwa 0.98, kama 127. Kutoka 0.90 hadi 0.98 ni magari 65 kwa saa, pungufu ya asilimia 9 ya yaliyokuwepo, na ucheleweshaji umekaribia kuwa mara tatu. Ndiyo maana wiki ya kwanza shule zikifunguliwa unaona mji umebadilika ghafla, wakati magari yaliyoongezeka ni machache. Makutano yaliyokuwa pembeni ya ukingo yameupita.

Nitaendelea. Maswali yanakaribishwa.

---

Binti Mhandisi

Mleta uzi, asante, somo zuri. Lakini ongeza tahadhari: fomula ya Webster ikikaribia x = 1 inapaa mbinguni, na ikizidi 1 haina maana kabisa kwa sababu (1 − x) inakuwa hasi. Inachukulia kwamba hali hiyo inadumu milele, wakati msongamano wa asubuhi una mwanzo na mwisho.

Ndiyo maana zikaja fomula zinazoingiza muda wenyewe. Australia kuna kazi ya Rahmi Akçelik ya mwaka 1981, na Wamarekani wana ya kwao kwenye hiyo Manual. Kwa taa zenye muda uliowekwa, makutano yakiwa peke yake, kipande cha pili kinakuwa hivi:

d2 = 900T × [(x − 1) + √((x − 1)² + 4x ÷ (cT))]

T ni urefu wa kipindi unachokichunguza, kwa saa. Hiyo c ndogo ni uwezo wa leni kwa saa, si C ya mzunguko. Cha kwanza kinabaki kilekile, ila x ikizidi 1 unaiweka 1.

Nimeweka namba zako kwa kipindi cha robo saa. Kwa 0.90 napata sekunde 45, sawasawa na ya Webster. Kwa 0.98 napata 60 tu, badala ya 127. Kwa hiyo ile mara tatu uliyoandika ipungue: ukingo upo kweli, ila kwa robo saa moja haujawa mkali hivyo. Ukali unakuja hali hiyo ikikaa muda mrefu.

Na sasa tunaweza kuvuka 1. Kwa 1.10, robo saa inatoa sekunde 96 kwa gari. Saa nzima inatoa 235, karibu dakika nne. Saa mbili, 416, karibu dakika saba. Makutano ni yaleyale na magari yanaingia kwa kasi ileile. Kilichoongezeka ni muda wa kuzidiwa tu.

---

Mpima Mataa

Dada Binti Mhandisi, umesema vizuri, na 60 ndiyo ya kutumia kwa robo saa. Naongezea kwenye hiyo 1.10 maana ndipo tunapoumia.

Yakija magari 891 kwa leni inayopitisha 810, kila saa yanabaki 81. Kwa mita saba kila gari, ni zaidi ya nusu kilomita ya foleni mpya. Sasa saa ya msongamano ikiisha na magari yakarudi 729, nafasi ya ziada ni 810 kutoa 729, yaani 81. Foleni iliyojengwa kwa saa moja inahitaji saa nyingine nzima kuisha. Aliyeahirisha safari ili akwepe msongamano anakuta bado analipa deni la waliomtangulia.

---

Mzee wa Tabata

Vijana, hesabu zenu nzuri, lakini mimi nimeendesha mji huu tangu magari hayajawa mengi. Taa haina macho. Inampa kijani mtu ambaye barabara yake ni tupu, huku upande wa pili foleni imefika wasikoiona. Trafiki anaona. Akiachia dakika tano upande uliojaa, foleni inakwisha. Mimi nasema bila trafiki asubuhi tusingefika kazini.

---

Mpima Mataa

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito na nina jibu lenye pande mbili, kwa sababu kuna mahali una haki kabisa.

Trafiki anapoachia muda mrefu anapata kitu halisi: anapunguza zile sekunde zinazopotea kila pande zinapobadilishana. Turudi kwenye mfano. Kwa mzunguko wa sekunde 120 tunapoteza 12, yaani asilimia 10. Akifanya mzunguko wa dakika kumi, tano huku na tano kule, anapoteza 12 zilezile kwenye 600, asilimia 2. Kijani halisi ya kila upande inakuwa 294, λ inapanda hadi 0.49, na uwezo wa leni unatoka 810 hadi 882. Ni ongezeko la asilimia 9 bila kumwaga lami hata mita moja.

Sasa tuone bei yake. Saa ambayo magari ni 729, yaani saa ambayo taa yenyewe ingetosha, kipande cha kwanza peke yake kwa mzunguko wa 600 ni sekunde 131. Ukijumlisha na cha pili inafika kama 140. Taa ingekupa 45. Foleni inaisha mbele ya macho ya trafiki, ni kweli, lakini upande alioufunga kuna watu wamezima injini. Amepata uwezo ambao saa hiyo haukuhitajika, na kila dereva amelipa zaidi ya dakika moja na nusu ya ziada.

Saa ya msongamano mkubwa, magari 891? Kwa saa moja ya kuzidiwa taa inatoa 235, trafiki anatoa kama 224. Wako sare. Ikifika saa mbili za kuzidiwa, taa 416, trafiki 259. Hapo mzee una haki: trafiki ameokoa dakika mbili na nusu kwa kila gari.

Kwa hiyo swali linakuwa kama makutano yamezidiwa kweli, na kwa muda gani. Anayeshikilia kijani ya dakika tano saa nne asubuhi, foleni ya kazini ikiwa imekwisha, hesabu haimtetei. Na kuhusu taa isiyo na macho, nakubaliana nawe kabisa. Taa nyingi zinafuata muda uliowekwa siku zimefungwa, na mji unabadilika kuliko taa.

---

Dereva wa Gongo la Mboto

Mimi ni dereva wa daladala, hesabu zenu siziwezi zote ila naomba niseme ninachokiona barabarani.

Trafiki akiachia dakika tano, dakika ya kwanza na nusu magari yanabanana, yanatoka kwa nguvu. Baada ya hapo waliokuwa nyuma sana wanakuja wameachana. Mmoja yuko kwenye simu, mwingine ana lori zito linapanda mwendo taratibu, na mimi mwenyewe nikiona kijani haizimi sina haraka ya kumfuata wa mbele. Pengine abiria anashuka palepale. Halafu huko mbele panajaa, tunasimama kijani ikiwa inawaka, makutano yanazibwa, na hata wale wa upande wa pili wakiruhusiwa hawana pa kupita.

Je, hesabu yako imeliona hilo?

---

Mpima Mataa

Kaka, hujui ulivyosaidia. Haikuliona, na ndilo linalobadilisha jibu.

Nilichukulia kwamba leni inamwaga magari 1,800 kwa saa tangu sekunde ya kwanza hadi ya 294. Tuseme kwa hayo unayoyaeleza kiwango kinashuka kwa asilimia 5 tu, kiwe 1,710. Uwezo wa trafiki unashuka kutoka 882 hadi 838. Rudia hesabu ya saa mbili za kuzidiwa: napata kama sekunde 413. Taa ilikuwa 416. Faida yote ya dakika mbili na nusu imeyeyuka kwa asilimia 5 za magari kuachana.

Na hapo sijaingiza kuziba kwa makutano. Foleni ikirudi nyuma mpaka makutano yaliyotangulia, fomula zote hizi zinakoma kusema kweli, kwa sababu zinachukulia kwamba ukishavuka mstari una pa kwenda.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona haijadiliwi. Mzunguko wa sekunde 180, dakika moja na nusu kila upande kwa makadirio. Uwezo ni 840. Magari yakiwa 729 ucheleweshaji ni kama sekunde 55, kumi tu juu ya ule wa 120. Yakiwa 891 kwa saa mbili, unapata kama 299. Linganisha na 259 ya trafiki pale kila kitu kinapomnyookea, na 413 pale magari yanapoachana. Dakika moja na nusu ndiyo muda ambao dereva mwenyewe ametuambia magari bado yanatoka yamebanana.

Webster alitoa pia kanuni ya mzunguko unaofaa: chukua sekunde zinazopotea kwa mzunguko, zidisha kwa 1.5, ongeza 5, gawanya kwa 1 kutoa Y. Y ni jumla ya uwiano wa magari yanayokuja kwa magari ambayo leni ingemwaga, kila upande. Kwetu magari 729 kwa 1,800 ni 0.405, pande mbili 0.81. Basi 23 gawanya kwa 0.19, inatoka 121. Ndiyo sababu 120 ilikaa vizuri kwenye mfano.

---

Mama Wawili

Naomba mtukumbuke na sisi wa miguu. Hesabu yote ni magari. Mimi navuka na watoto asubuhi. Trafiki akiachia upande mmoja hatuna namna, tunasubiri mpaka watu wanaanza kujipenyeza katikati ya magari.

---

Binti Mhandisi

Mama, upo sahihi, na ipo fomula fupi kwa ajili yenu. Muda wa wastani wa kusubiri ni mraba wa (C − g) gawanya kwa mara mbili ya C, ambapo g ni muda mnaoruhusiwa kuvuka. Tuseme mnavuka upande uliosimamishwa, kwa sekunde zilezile 54 za mfano wa mleta uzi: 66 × 66 ÷ 240, ni sekunde 18. Kwa mzunguko wa dakika kumi: 306 × 306 ÷ 1,200, ni sekunde 78. Na hiyo ni wastani. Aliyefika wakati mbaya anasubiri dakika tano kamili.

Ile Manual ya Wamarekani inasema mtembea kwa miguu akizidisha sekunde 30 anaanza kukosa subira na kujiingiza barabarani. Kwa hiyo hao wanaojipenyeza si wakorofi. Mpangilio wa muda ndio umewafikisha hapo, na sisi tunakuja kuhesabu ajali.

---

Kimara Mwisho

Na mwendokasi je? Tangu mwaka 2016 basi lina njia yake lakini kwenye makutano bado linasimama na wengine. Basi refu moja limebeba watu mia na ushee. Mnahesabu kama gari moja?

---

Mpima Mataa

Swali kubwa. Ukikadiria kwa gari, basi la watu 120 na gari dogo la watu wawili wana uzito mmoja, na hapo hesabu inadanganya. Kadiria kwa mtu: zidisha sekunde kwa idadi ya waliomo. Basi lile likisubiri sekunde 45, zimepotea dakika 90 za watu. Kufikia hapo kwa magari madogo unahitaji magari 60 yasubiri sekunde 45 kila moja. Ukipanga taa kwa kuangalia magari tu, basi litapoteza kila mara. Ukipanga kwa watu, kurefusha kijani ya mwendokasi sekunde nane au kumi basi linapokaribia kunajilipa papo hapo. Mimi naamini hesabu ya watu ndiyo ya haki, na makadirio yoyote ya Dar yasiyoitumia nayatilia shaka.

---

Njiani Nairobi

Wadau, nawasoma kutoka Nairobi. Hali ni ileile kwetu. Pale Uhuru Highway utapata taa inawaka na polisi wamesimama katikati wakiongoza kwa mkono, dereva hajui afuate gani. Swali langu: nitapimaje huo muda mwenyewe bila vifaa? Nataka kufanya kwa makutano ya hapa karibu na ofisi.

---

Mpima Mataa

Karibu ndugu. Njia ipo, ni rahisi, na haikuhitaji kujua uwezo wala kijani. Unahitaji watu wawili, saa yenye sekunde na karatasi.

Mtu wa kwanza anachagua kipindi, tuseme sekunde 18. Kila zikifika 18 anatazama leni na kuandika magari mangapi yako kwenye foleni wakati huo. Hahangaiki na gari lipi limekuja lini. Gari linahesabiwa mradi halijavuka mstari wa kusimamia, hata kama limeanza kusogea. Mtu wa pili anahesabu magari yote yanayofika kwenye foleni au kupita bila kusimama.

Kipindi kisigawanyike sawasawa ndani ya mzunguko. Mzunguko ukiwa 120 usitumie 20 wala 15, kwa sababu utakuwa unatazama foleni kwenye nukta zilezile za mzunguko kila mara na picha itapinda.

Tuseme umefanya dakika 15. Umetazama mara 50. Ukijumlisha foleni zote ulizoandika unapata 480, na mwenzako amehesabu magari 182. Sekunde 18 × 480 ni 8,640. Zidisha kwa 0.9, kwa sababu njia hii kwa kawaida inazidisha kidogo, ni 7,776. Gawanya kwa 182, unapata kama sekunde 43 kwa gari. Ongeza sekunde chache za kupunguza na kuchukua mwendo, umemaliza.

Msingi wake ni jambo ambalo John Little alilithibitisha mwaka 1961: wastani wa walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuwasili mara wastani wa muda wa kusubiri. Ukijua viwili, cha tatu unacho. Inafanya kazi iwe anayeongoza ni taa au ni polisi, ndiyo sababu naipenda kwa miji yetu.

---

Goba Boda

Bodaboda tunahesabiwaje hapo? Sisi hatukai kwenye foleni, tunapita pembeni mpaka mbele.

---

Binti Mhandisi

Kwenye vipimo vya Webster pikipiki ni 0.33 ya gari dogo, basi 2.25, lori 1.75. Lakini zilipimwa Uingereza ya miaka ya hamsini. Hapa bodaboda kumi zinajipanga mbele ya mstari na zinaondoka pamoja kabla gari la kwanza halijatembea, kwa hiyo pengine hazili muda wa leni kabisa, au zinamchelewesha wa kwanza sekunde mbili tatu. Bajaji ni suala jingine, inakaa kwenye foleni kama gari na inaondoka taratibu.

Ushauri wangu: msiazime namba ya 1,800 wala 1,900 ya Wamarekani. Pimeni. Kijani ikiwaka, acha magari matatu ya mwanzo maana yanachelewa kuondoka. Anza saa la nne likivuka mstari, simamisha la kumi na nne likivuka. Hayo ni mapengo kumi. Yakichukua sekunde 20, leni inamwaga 1,800 kwa saa; yakichukua 24, ni 1,500. Rudieni kwa mizunguko mingi, na mizunguko ambayo mbele pamejaa itupeni.

---

Njiani Nairobi

Asanteni sana. Basi tutasimama wawili kwenye mstari, mmoja ahesabu foleni na mwingine ahesabu yanayovuka.

---

Mpima Mataa

Hapana ndugu, huyo wa pili asisimame kwenye mstari. Hili ni muhimu kuliko yote.

Makutano yakizidiwa, yanayovuka mstari ni uwezo, si mahitaji. Yanakuja 891, yanavuka 810, wewe unaandika 810, x yako inatoka 1.00, na ripoti inasema makutano "yamejaa ila yanamudu". Ongeza magari mengine mia mbili huko nyuma, bado utaandika 810. Karatasi nyingi za foleni zinaharibika hapa. Mhesabu wa pili akae nyuma ya mkia wa foleni na ahesabu yanayofika, na mkia ukirudi nyuma naye arudi nao. Kama foleni imefika makutano mengine, andika hivyo kwenye karatasi na usijifanye una x sahihi.

Jambo la pili: anzeni kabla foleni haijaanza na malizeni baada ya kuisha. Ukiingia katikati ya msongamano unakuta magari ambayo hukuyahesabu yakifika, na ukiondoka mapema unaacha deni ambalo dada Binti na mimi tumelieleza juu. Kama asubuhi yenu inabana kuanzia saa moja, muwe mmesimama saa kumi na mbili na nusu.

Na pimeni kila upande, si ule mnaopitia tu. Upande ambao polisi ameuzuia ndio wenye sekunde nyingi.

---

Mzee wa Tabata

Marahaba kijana, nimesoma yote. Mjukuu wangu yuko chuo, nimemwonyesha. Anasema wataweza kupata wenzake wanne. Makutano ya hapa jirani yana pande nne na ya kulia yana kileni kifupi kinachojaa haraka, wanaokata kulia wanawazibia wanaonyoosha. Hao mnawahesabu pamoja au mbali?

---

Mpima Mataa

Mbali, mzee. Kila leni na karatasi yake. Wa kulia wanasubiri mapengo ya wanaokuja mbele yao, kwa hiyo x yao ni tofauti kabisa na ya wanaonyoosha hata kijani ikiwa moja. Kileni kikijaa mpaka kikaziba, mjukuu aandike saa na dakika ilipotokea, na kwa muda huo asipime kasi ya leni ya kunyoosha. Kwa pande nne wanne hawatatosha kwa siku moja. Wachukue pande mbili Jumanne na mbili Jumatano, saa zilezile, na wakwepe Jumatatu na Ijumaa maana magari ya siku hizo yana tabia zake. Mzunguko wa taa waupime kwanza kabisa, mara tano sita, ili wajue kama ni wa muda mmoja au unabadilika, ndipo wachague kipindi cha kutazama foleni.

Wakimaliza, mzee, wekeni karatasi hapa hapa, tutazijumlisha pamoja.